Tangi la mvua au kisima kirefu? Ulinganisho wa njia za maji na lishe kwa vijiji vya Mtwara na Lindi

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Januari, minada ya korosho inapofanyika na vyama vya msingi vinapowalipa wakulima, vijiji vya Mtwara na Lindi huwa na fedha ambayo haitaonekana tena mpaka msimu mwingine. Ni katika miezi hiyo ambapo mikutano mikuu ya vijiji huamua iwapo mchango wa mwaka uende kwenye kisima kirefu chenye pampu ya nguvu ya jua, au utumike kujenga matangi ya kuvunia maji ya mvua kwenye nyumba, shule na zahanati. Swali hilo huletwa mkutanoni kama swali la maji peke yake, huku lishe ya watoto ikiachiwa mhudumu wa afya ya jamii na siku nyingine. Ulinganisho huu unayaweka mambo hayo mawili katika mizani moja, kwa sababu maji yanayobaki ndani ya nyumba baada ya watu kunywa ndiyo yanayoamua kama muhogo utaondolewa sumu, kama mboga itaoshwa, kama mama atanawa mikono kabla ya kumlisha mtoto, na kama mama huyo atakuwa nyumbani saa ya uji au atakuwa njiani na ndoo kichwani.

Ardhi huamua nusu ya jibu

Juu ya uwanda wa Makonde, ziliko Newala na Tandahimba, mvua si haba. Katika mwaka wa kawaida hunyesha kama milimita 900 hadi 1,000, karibu zote kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Tatizo ni kwamba udongo wa kichanga huimeza mvua hiyo mara moja, hakuna kijito kinachobaki juu, na maji hushuka chini sana mpaka yatokeze tena kwenye miguu ya uwanda, katika chemchemi za Ndanda na Mbwinji na katika bonde la Mitema. Mbwinji ndiyo chanzo kinacholisha miji ya Masasi na Nachingwea. Mitema ndiko maji yanakosukumwa kwa mitambo kupanda tena uwandani kwa ajili ya mradi wa maji wa Makonde, yaani mvua iliyonyesha juu ya paa la mtu wa Newala hulipiwa umeme ili irudi kwake.

Mwanachuoni wa Kijerumani Karl Weule alipofika Newala mwaka 1906 alishangazwa na watu waliochagua kuishi juu pasipo maji na kuyafuata chini ya ukingo. Bibi yangu, aliyezaliwa na kuolewa huko huko juu, hakuona la kushangaza, kwa kuwa uwandani palikuwa na usalama na mashamba, na kushuka bondeni alfajiri ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Lakini alipokuwa akitusimulia alikuwa akihesabu watoto kwa safari za maji: huyu alizaliwa mwaka tuliokuwa tukishuka kila siku, yule alizaliwa mwaka visima vya mvua vilipojaa. Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi tangu nianze kusoma habari za udumavu.

Chini ya uwanda mambo ni tofauti. Kandokando ya mito ya Lukuledi, Mbwemkuru na Ruvuma maji ya chini ya ardhi yako karibu, na mahali pengine mtu anayapata kwa kuchimba mita chache tu. Pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, maji yako karibu pia, lakini mara nyingi maji matamu hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya chumvi, na pampu yenye nguvu kupita kiasi huvuta chumvi ndani ya kisima ambacho kingeweza kudumu miaka mingi kwa ndoo na kamba. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba kisima kirefu ni bora kuliko tangi, au kinyume chake, bila kutaja kijiji, hajasema kitu ambacho kamati ya maji inaweza kukitumia.

Lita kwa lita

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kila kituo kihudumie watu 250. Kipimo hicho kinasaidia sana katika kulinganisha, hata pale ambapo hakijafikiwa.

Tuchukue nyumba yenye paa la bati la mita za mraba 40, ambayo ni nyumba ya kawaida ya mkulima wa korosho. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mwaka wenye milimita 900 huliangushia paa hilo lita 36,000, na tukiondoa yanayomwagika na yanayokauka, lita zipatazo 28,000 zinaweza kuingia kwenye tangi. Kiangazi kuanzia Mei hadi Novemba tukihesabu siku 200. Kaya ya watu 5 inayotaka lita 25 kwa kila mtu itahitaji lita 25,000 ili ivuke siku hizo. Paa linatosha! Kinachokosekana ni chombo, kwa sababu hakuna mkulima mdogo anayeweza kununua tangi la lita 25,000 kwa msimu mmoja. Ikiwa kaya hiyo itaamua kwamba maji ya tangi ni ya kunywa, kupikia na kunawa mikono tu, yaani ndoo moja na nusu kwa siku, basi lita 6,000 zinaivusha kiangazi chote, na maji ya kufua na kuoga yatafutwe kwingine.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninaloomba wanaoamua walizingatie: tangi la nyumbani ni chombo cha jikoni. Likipewa kazi ya jikoni peke yake linaitimiza vizuri kuliko njia nyingine yoyote, kwa sababu maji yako hatua chache kutoka mafigani na hakuna foleni. Likipewa kazi ya kufyatulia tofali na kunyweshea mbuzi, litakuwa tupu mwezi wa saba na familia itarudi bondeni.

Kisima kirefu hupimwa kwa hesabu nyingine. Kijiji cha watu 2,000 kwa kipimo cha sera kinahitaji lita 50,000 kwa siku. Pampu ya jua inayotoa lita 3,000 kwa saa, ikifanya kazi saa 6 za jua kali, itatoa lita 18,000, ambazo ni za watu 720. Maana yake ni kwamba kisima kimoja kizuri hakitoshi kijiji kizima, isipokuwa kiwe na maji mengi kupita kawaida au watu wakubali kupata chini ya kipimo. Sisemi hivyo kukipinga kisima. Nasema hivyo kwa sababu nimeona mikutano ikipitisha kisima kimoja kwa matumaini kwamba foleni itaisha, kisha foleni ikahama tu kutoka bondeni kuja katikati ya kijiji. Kwa upande wake, kisima kina jambo ambalo tangi halina, nalo ni kwamba hakimaliziki Oktoba. Mwaka ambao mvua za Desemba zinachelewa mpaka Januari, mwenye tangi tupu atakwenda kupanga foleni kwa wenye kisima.

Kabla ya kulipa mchimbaji, kijiji kidai mambo mawili kwa maandishi: jaribio la kupima wingi wa maji, pampu ikiendeshwa kwa saa nyingi mfululizo huku kina cha maji kikipimwa, na kipimo cha maabara kuhusu chumvi na vijidudu. Kibali cha kuchimba na kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambayo makao yake ni Mtwara, na kumbukumbu za visima vya jirani zinaweza kuokoa fedha ambazo zingezama kwenye shimo kavu. Juu ya uwanda tahadhari hii inapaswa kuwa kubwa maradufu, kwa kuwa maji yako mbali mno chini na kila mita ya kuchimba na kusukuma ina gharama yake.

Nani atakitengeneza kikiharibika

Mikoa hii miwili ina historia ndefu kuhusu swali hili kuliko sehemu nyingi za nchi. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ya Finland ilisaidia kuchimba visima na kufunga pampu za mkono katika vijiji vya Mtwara na Lindi, na mtu anayetembea mabondeni leo bado huona misingi ya saruji ya pampu ambazo zimeng'olewa au zimekufa zimesimama. Pampu zenyewe hazikuwa mbaya. Pampu ya kusukuma moja kwa moja ya aina ya Nira ni rahisi kuifungua na inafaa visima vifupi vya mita kumi na kitu, na ile ya Afridev hufika mita 45. Kilichokosekana ni vipuri karibu na kijiji, fundi anayelipwa, na fedha inayokusanywa kabla ya kifaa kuvunjika. Makadirio ya mwaka 2009 katika nchi za Kusini mwa Sahara yalionyesha kwamba karibu theluthi moja ya pampu za mkono hazikuwa zikifanya kazi, kwa hiyo hilo si kosa la watu wa kusini peke yao.

Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na uendeshaji wa kila siku hufanywa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Huu ni mpango bora kuliko kamati za zamani, kwa sababu una mhasibu na fundi wanaotambulika na fedha ya ndoo inaingia benki. Hata hivyo kijiji kinachochagua kisima cha jua kinapaswa kujua kwamba kinachagua pia taasisi: kinachagua kulipa kwa ndoo kila siku, kuhudhuria mikutano ya mapato na matumizi, na kuweka akiba kwa ajili ya siku pampu itakapoungua, ambayo itafika. Kijiji ambacho vikao vyake vimejaa ugomvi wa fedha za pembejeo kisitarajie kwamba pampu italeta uelewano.

Tangi likipasuka, mwenye nyumba anamtafuta fundi uashi na mfuko wa saruji, na jirani hapati hasara. Gata la kupitishia maji ya paa likianguka, linarudishwa kwa waya. Hapo tangi linakishinda kisima waziwazi, na kwangu mimi hoja hii ina uzito kuliko ile ya lita.

Lakini tangi lina udhaifu wa haki. Nyumba ya makuti au nyasi haivuni maji safi, na nyumba hizo ndizo za wajane, wazee na vijana waliooana juzi. Kijiji kikigawa fedha kwa kaya ili kila mtu ajenge tangi, wenye bati watapata na wasio na bati wataendelea kununua ndoo kwa wenye bati. Njia ninayoipendekeza ni kuanza na mapaa ya wote: shule, zahanati, msikiti, ghala la chama cha msingi. Paa la mita za mraba 150 katika mwaka wa milimita 900 linaweza kutoa zaidi ya lita 100,000, na tangi kubwa la saruji lililojengwa hapo, likifunguliwa kwa utaratibu wakati wa kiangazi, hulinda kaya zisizo na paa. Ghala la korosho hasa lina paa kubwa ambalo mvua yake humwagika bure karibu kila mahali nilipopita.

Kuhusu bomba la mradi mkubwa nitasema kidogo. Likifika, lipokewe. Mradi wa miji 28 unaotekelezwa kwa mkopo kutoka India unahusisha pia maji ya Makonde, na kaya yenye bomba linalotoka kila siku haihitaji ulinganisho huu. Lakini bomba haliamuliwi na mkutano wa kijiji, na mtoto aliyezaliwa mwaka huu hawezi kulisubiri.

Muhogo, maji na miguu ya watoto

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu katika mijadala ya maji niliyoihudhuria sijasikia jambo hili likitajwa.

Sehemu kubwa ya muhogo unaolimwa kusini ni muhogo mchungu. Watu wanaupenda kwa sababu nguruwe pori na nyani hawaushambulii sana, na wezi hawauli shambani. Uchungu wake unatokana na viini vinavyotoa sumu ya sayanaidi muhogo unapokatwa au kusagwa. Ukilowekwa majini siku tatu au nne, kisha ukaanikwa, karibu sumu yote huondoka. Ukimenywa na kuanikwa juani tu, au ukivundikwa kwenye lundo kisha ukaanikwa, sumu nyingi zaidi hubaki kwenye unga. Sasa mtu wa uwandani, ambaye ndoo yake imetoka bondeni, ataloweka muhogo katika maji gani? Ataanika tu. Na mwaka wa ukame, ambapo muhogo wenyewe huwa mchungu zaidi na chakula kingine hakuna, atauanika kwa siku chache kuliko kawaida kwa sababu watoto wana njaa.

Matokeo mabaya kabisa ya hali hiyo ni ugonjwa wa konzo, ambao uliwahi kuripotiwa mkoani Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtoto au mwanamke aliyekuwa mzima huamka na miguu yote miwili imekakamaa, na haiponi tena. Huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, katika kaya zinazokula muhogo mchungu kwa majuma mfululizo bila kitoweo chenye protini, kwa kuwa mwili unahitaji aina fulani za protini, zilizo nyingi katika samaki, dagaa na mayai, ili uiondoe sumu hiyo.

Kwa hiyo kuna njia mbili za kulinganisha tena. Kuloweka muhogo mzima kunahitaji maji mengi na chombo kikubwa, na kunafaa kaya zilizo karibu na mto au zenye kisima cha bei nafuu. Kulowesha unga ni njia nyingine, iliyobuniwa kwa ajili ya mahali pasipo maji ya kutosha, nayo haijulikani kama inavyostahili. Unga wa muhogo huwekwa kwenye bakuli, usawa wake ukawekewa alama kwa ndani, kisha maji huongezwa huku ukikorogwa. Unga hushuka kwanza, halafu hupanda, na maji yanatosha unga ulioloa unapofika tena kwenye ile alama. Rojo hilo hutandazwa kwenye mkeka au sinia kwa unene usiozidi sentimita moja, juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, ili sumu iondoke kwa njia ya hewa, na ugali hupikwa siku hiyo hiyo. Maji yanayotumika ni sehemu ndogo tu ya yale ya kuloweka, nayo yangehitajika kwa vyovyote kusongea ugali. Kaya yenye tangi la lita chache inaweza kufanya hivyo kila siku ya kiangazi. Nikiambiwa nichague jambo moja la kufundishwa kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji katika Newala na Tandahimba, nitachagua hili, kabla ya mapishi yoyote ya uji.

Bustani, mbaazi au kuku

Karibu kila mpango wa lishe unaofika vijijini huja na bustani ya mboga nyumbani, na katika bonde la Lukuledi au pembeni mwa Ruvuma huo ni ushauri mzuri. Mchicha, matembele na sukumawiki hukua upesi, zina vitamini A na madini ya chuma, na zikiungwa kwa nazi au karanga mwili hupokea vitamini hiyo vizuri zaidi. Lakini tuta la mita za mraba 10 wakati wa kiangazi linaweza kudai lita 50 kwa siku, yaani ndoo mbili na nusu. Ikiwa ndoo kituoni ni shilingi 50, hiyo ni shilingi 125 kila siku, sawa na 3,750 kwa mwezi. Ikiwa ndoo inabebwa kutoka bondeni, gharama yake ni shingo ya mama. Kumwambia mwanamke wa namna hiyo alime bustani ni kumwongezea safari, na akiiacha ikauke husemwa kwamba hajali lishe. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu wengi wanaosemwa hivyo nawafahamu.

Kwa vijiji vya uwandani mimi naona chakula kinachofaa kutangulizwa ni kile kinachokunywa mvua tu na kubaki hadi kiangazi. Mbaazi ziongoze. Mizizi yake huenda chini sana, hustahimili ukame, huvunwa baada ya mvua kuisha, na punje kavu ina protini kwa kiasi cha asilimia 20 hivi. India ilipozuia uingizaji wa mbaazi mwaka 2017 na bei kuporomoka, wakulima wengi wa kusini walizichukia, na nawaelewa. Hata hivyo mbaazi za sufuriani hazikupoteza kitu siku bei ilipoanguka. Kunde zifuate, kwa sababu majani yake yanaweza kuchumwa wakati wa mvua, kuchemshwa kidogo, kukaushwa kivulini na kuliwa Septemba. Kisamvu kipo mwaka mzima, mradi kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu, kwa kuwa majani ya muhogo nayo yana sumu ileile. Mpapai mmoja uliopandwa mahali panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo huishi bila ndoo yake mwenyewe.

Kisha kuna mabibo, yaani matunda ya mkorosho. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, mara kadhaa, na vitamini hiyo huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi na mboga za majani. Katika msimu wa korosho mabibo huoza chini ya mikorosho au hugeuzwa uraka, pombe ya mabibo, wakati mtoto wa nyumba hiyo hiyo ana upungufu wa damu. Kumpa mtoto mkubwa bibo lililoiva na kuoshwa baada ya wali na mbaazi hakuhitaji mradi. Ming'oko, viazi vya porini, nayo inafaa kutajwa kwa heshima, kwani imevusha watu miezi ya njaa kwa vizazi vingi, ila ni ya wanga, na haiwezi kuchukua nafasi ya kitoweo.

Kuku wa kienyeji wanashindana vizuri na bustani. Maji wanayokunywa ni kidogo, na adui yao mkubwa ni mdondo, ambao huzuiwa kwa chanjo ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Chanjo ya aina hiyo inayostahimili joto ipo nchini, na chupa moja hutosha kuku wa kaya nyingi, kwa hiyo majirani wakikubaliana siku moja gharama kwa kila kuku huwa ndogo sana. Faida kwa lishe hupatikana ikiwa mayai kadhaa kwa juma yanafika kwa mtoto aliyetimiza miezi sita na kwa mama mjamzito. Mayai yote yakienda kutotolewa au gengeni, kaya imepata kipato lakini mtoto hajapata kitu. Hilo ni jambo la kukubaliana ndani ya nyumba, baba akiwepo.

Nchini kote, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa umri huo kwa ajili ya lishe. Kijiji kina haki ya kuuliza fedha hiyo imetumikaje, na kupendekeza kwamba sehemu yake igharamie chanjo ya kuku au mafunzo ya kulowesha unga badala ya semina.

Ningechagua hivi

Kwa kijiji cha Newala au Tandahimba, ningeanza na matangi kwenye mapaa ya umma, kisha tangi dogo la jikoni kwa kila kaya yenye bati, likilipwa kidogo kidogo msimu wa korosho, huku kaya zisizo na bati zikisaidiwa bati kwanza. Chakula kingekuwa mbaazi, kunde kavu, kuku waliochanjwa na unga wa muhogo uliolowesheka. Bustani ningeiacha mpaka bomba lifike.

Kwa kijiji cha bonde la Lukuledi au Ruvuma, ambako maji yako karibu na mafuriko huchafua mto, ningechagua kisima cha pampu ya mkono au ya jua kilichojengwa juu ya ukingo, mbali na vyoo, na bustani ya kikundi jirani nacho inayotumia maji yanayomwagika kituoni. Hapo kuloweka muhogo mzima kunawezekana, na kufundishwe.

Pwani ya Kilwa na Lindi ningechanganya: kisima kwa matumizi ya kawaida, kikivutwa polepole ili chumvi isipande, na tangi la mvua kwa ajili ya kunywa, kupikia na uji wa watoto. Kitoweo huko si tatizo kubwa, kwani dagaa na ng'onda hupatikana kwa bei nafuu. Kinachopungua mezani ni mboga na matunda.

Kwa yeyote atakayechagua tangi katika maeneo ya mikorosho, kuna tahadhari moja ambayo vitabu vya kuvuna maji vilivyoandikwa mbali na hapa havina. Kuanzia Juni hivi mikorosho hupulizwa salfa ya unga ili kuzuia ubwiri unga, na vumbi hilo la njano, pamoja na dawa nyingine za majimaji, hutua juu ya mapaa na kukaa hapo kiangazi chote. Kwa hiyo gata liachwe bila kuunganishwa na tangi mpaka mvua mbili au tatu za kwanza zimeosha bati vizuri, tangi lisuguliwe likiwa tupu mwezi wa Novemba, mdomo wake ufungwe kwa wavu wa kuzuia mbu, na maji ya mtoto yachemshwe au yawekwe klorini hata kama yanaonekana meupe. Mvua ya nne ndiyo ya kuanza kuiweka.